Kibalti na Hati ya Kitibeti

Katika mabonde ya mito Indus na Shyok, kaskazini ya Pakistani, wakaa Wabalti. Lugha yao ni ya jamii ya Kitibeti, nayo ndiyo iliyo mbali zaidi upande wa magharibi. Historia yake ina jambo la kustaajabisha: watu walioiacha hati ya Kitibeti ndio waliohifadhi matamshi mengi ambayo hati hiyo iliundwa kuyaonyesha.

Hati hiyo ilianza katika karne ya 7, zama za mfalme Songtsen Gampo, na tahajia yake huonyesha konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno. Nyota huandikwa skar-ma, saba bdun, elfu stong. Mtu wa Skardu hata leo hutamka skarma, bdun na stong. Mtu wa Lhasa huyaandika maneno hayo vilevile, lakini katika kuyatamka konsonanti ya kwanza haisikiki tena. Na lahaja yake ina toni, ambazo Kibalti hakina.

Wabalti waliposilimu, hati ya Kiajemi ilishika mahali pa ile ya kale. Kwa hati hiyo washairi wao walitunga kasida, na marsia za kumlilia Imamu Husseini. Na visa vya shujaa Kesar, vilivyotangulia Uislamu, viliendelea kusimuliwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kubadili dini ndiko kulikohifadhi sauti hizo. Wabudha wa Ladakh hawakuiacha hati ya Kitibeti, nao pia husema skarma na stong. Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni umbali: mabadiliko yaliyoenea Tibeti ya kati hayakufika pembezoni. Hati, basi, hukumbusha matamshi ya kale, lakini haiwezi kuyazuia yasibadilike.

Mafunzo hayo yana uzito leo. Vita vya 1947 hadi 1948 viliwagawa wasemaji wa Kibalti baina ya Pakistani na Bara Hindi, na huko Skardu Kiurdu ndicho lugha ya shule. Tangu mwisho wa karne ya 20 baadhi ya wasomi wa huko wamejitahidi kuirudisha hati ya Kitibeti. Juhudi hiyo ni njema. Lakini kilichookoa Kibalti kwa karne nyingi ni vinywa vya wazee na watoto wao, wala si kalamu.