Kuokoa, Kukomboa na Kuacha Huru: Kisa cha Kutoka Misri katika Kiswahili cha Karne ya 19



Katika sura ya sita ya kitabu cha Kutoka, Mungu anamwahidi Musa mambo matatu juu ya Waisraeli walioko Misri: atawatoa, atawaokoa, na atawakomboa. Msomaji wa leo aghalabu huyapita maneno hayo upesi, akiyachukua kuwa visawe. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba si visawe, na kwamba kila neno lina picha yake ya tabia ya Mungu. Kwa wasikilizaji wa kwanza wa kisa hiki katika Ukristo wa pwani yetu, tofauti hiyo haikuwa ya kisarufi tu, maana wengi wao walikuwa wameuzwa na kununuliwa wao wenyewe.

Tuanze na Kiebrania. Kitenzi cha pili katika ahadi ile kina maana ya kunyakua kitu kutoka mkononi mwa mwenye nguvu. Cha tatu kimetoka katika sheria za ukoo. Kwa mujibu wa Mambo ya Walawi 25, mtu akiuza shamba lake au nafsi yake kwa sababu ya umaskini, ndugu yake wa karibu ana wajibu wa kumkomboa kwa kulipa. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi anakomboa shamba la marehemu kwa misingi hiyo ya udugu. Kwa hiyo, Mungu anaposema atawakomboa Waisraeli, anajiweka katika nafasi ya jamaa yao. Lakini jambo moja limeachwa nje. Ndugu wa Walawi hulipa. Katika kisa cha Kutoka, Farao halipwi chochote. Mwandishi ameuchukua wajibu wa ndugu, akaiacha bei.

Kiswahili cha karne ya 19 kilikuwa na maneno yake kwa mambo haya, nayo hayakuwa maneno ya kanisani. Kuokoa kulikuwa kumtoa mtu hatarini, bila habari ya malipo. Kukomboa kulikuwa kurudisha kwa malipo kitu kilichowekwa rehani, au mtu aliyetekwa. Kuacha huru kulikuwa tendo la bwana mwenyewe, ambalo sheria ya Kiislamu ililitambua na kuliahidi thawabu. Tukiuliza nani anatenda katika kila neno, tunapata watu watatu. Anayeokoa ni mwenye nguvu aliyetoka nje. Anayekomboa ni mwenye mali anayemlipa bwana. Anayeacha huru ni bwana aliyeona huruma. Mfasiri wa Biblia alipaswa kuchagua ni yupi kati ya hao anayefanana na Mungu wa Musa.

Kisa chenyewe hakikuwa kigeni pwani, kwani Waislamu walikuwa wakimjua Musa na Firauni karne nyingi kabla ya misheni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kufasiri, na sura za mwanzo za kitabu cha Mwanzo zikachapishwa mwaka 1847. Kilichokuwa kipya ni hali ya wasikilizaji. Askofu Tozer na Edward Steere walipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi misheni. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga masoko ya watumwa, Steere alianza kujenga kanisa kuu Mkunazini, palipokuwa na soko hilo. Mwaka 1875 misheni ya CMS ilianzisha Freretown, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokamatwa baharini na meli za kivita za Uingereza. Wengi wao hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikipata safarini au utumwani. Wao waliokolewa kwa maana kamili ya neno: nguvu ya nje iliwanyakua, na mwenye jahazi hakulipwa.

Hali ilikuwa nyingine Rabai. Huko walikimbilia watoro, yaani watumwa waliojitoa wenyewe mashambani. Kiongozi wao wa kanisa, William Jones, alikuwa mtumwa utotoni, akakulia Bara Hindi, akapewa ushemasi mwaka 1885. Mabwana waliwadai watu wao, na mwaka 1880 walikwisha kutishia kuishambulia Freretown kwa sababu ya watoro. Mwishoni mwa mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alikubali kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Huku ndiko kukomboa kwa maana ya kamusi. Malipo yale yaliwapa watoro usalama ambao mahubiri hayakuweza kuwapa. Wakati huohuo yalikiri kwamba bwana alikuwa na haki ya kudai, jambo ambalo kisa cha Kutoka hakikiri hata kidogo.

Tatizo hili ni la zamani katika teolojia. Baadhi ya mababa wa Kanisa, akiwemo Origen, walifundisha kwamba fidia ya ukombozi ililipwa kwa Shetani. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, akakataa kwamba Shetani alistahili kulipwa. Rabai swali hilo lilikuwa na majina ya watu na mafungu ya fedha.

Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Maana yake ni kwamba Wakristo walisoma habari za nyumba ya utumwa katika nchi ambayo sheria yake bado iliutambua utumwa. Hata ndani ya misheni mambo hayakuwa safi: mwanzoni mwa miaka ya 1880 yalizuka malalamiko juu ya adhabu ya viboko Freretown. Kwa mtu wa namna hiyo, kuitwa mtumwa wa Mungu kulikuwa jambo zito. Kiebrania hutumia mzizi mmoja kwa kumtumikia Farao na kumtumikia Mungu. Kiswahili nacho kina mzizi mmoja, -tuma, lakini kimezaa maneno mawili, mtumwa na mtumishi. Biblia ya mwaka 1952, katika Warumi 1, ilimwita Paulo mtumwa wa Kristo. Habari Njema ya mwaka 1996 ilichagua mtumishi. Chaguo la kwanza limeshika ukali wa neno la Kigiriki. La pili limeiona historia ya msomaji.

Katika karne ya 20 maneno yetu yaliachana njia. Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulituletea walokole, neno la Kiganda, na kuokoka kukawa hasa habari ya moyo. Ukombozi ukahamia siasa: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikawa na makao yake jijini humo tangu 1963 hadi 1994. Katika matumizi hayo hakuna aliyefikiri kwamba Ureno ingelipwa bei ya Msumbiji. Hivyo basi, neno lililoanza katika rehani lilipoteza bei yake nje ya kanisa, na kwa njia hiyo likakaribia maana iliyokusudiwa katika kitabu cha Kutoka kuliko lilivyokuwa Rabai.

Wanafunzi wa leksikografia watakaoendelea na kazi hii wasiridhike kuandika kwamba kuokoa ni kukomboa. Wafungue barua za misheni, hati za uhuru na matoleo ya Biblia kwa pamoja, na katika kila mfano waulize nani ametenda, nani amelipwa, na aliyetolewa amekuwa nani kwa aliyemtoa.