Ajali za nyumbani kwa wazee (Arusha na Meru)

Ajali za nyumbani kwa wazee ni madhara yanayowapata watu wa umri mkubwa ndani ya nyumba au uani, hasa kuanguka, kuungua na kuvuta gesi ya mkaa. Nchini Tanzania mzee ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Makala hii inahusu zaidi jiji la Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Ajali kubwa kuliko zote ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Sababu

Uzee wenyewe hupunguza nguvu za miguu, uwezo wa kuona na mizani ya mwili. Mtoto wa jicho, kisukari, dawa za shinikizo la damu na dawa za usingizi huongeza hatari. Mzee anayeinuka ghafla kitandani hupatwa na kizunguzungu, na hapo ndipo wengi huanguka: usiku, wakiwa njiani kwenda chooni.

Katika vijiji vya Meru choo cha shimo mara nyingi kiko mbali na nyumba, kati ya migomba, na njia yake ni ya mteremko. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo huwa utelezi mtupu. Wazee wengi bado hukata majani ya ng'ombe wa ndani na kubeba mizigo kwenye njia hizo hizo. Mjini hatari ni nyingine: marumaru iliyolowa, ngazi zisizo na kishikio na mitaro iliyo wazi mlangoni.

Jambo la pekee katika eneo hili ni maji. Miamba ya volkeno ya Mlima Meru hutoa floraidi nyingi, na sehemu kama Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu zinajulikana kwa tatizo hilo. Watu wengi hufikiri madhara yake ni meno ya kahawia tu. Lakini mtu aliyeyanywa maji hayo kwa miaka mingi anaweza kukakamaa mgongo na viungo, na mifupa yake ikawa mizito lakini rahisi kuvunjika. Mzee wa namna hiyo akijikwaa hawezi kujizuia upesi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia njia ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya wanyama.

Kinga

Hatua nyingi hazina gharama kubwa. Njia ya chooni ifanywe ngazi za mawe au imwagiwe changarawe, na kamba au mti wa kushikia ufungwe kandoni. Tochi ikae karibu na kitanda, na ndoo yenye mfuniko iwekwe chumbani kwa matumizi ya usiku. Hakuna aibu katika hilo. Ndala zilizolika ziachwe, zivaliwe viatu vyenye kisigino cha nyuma na soli isiyoteleza. Kabla ya kusimama, mzee akae kwanza kwenye ukingo wa kitanda kwa dakika moja au mbili. Mkongojo uwe na mpira chini na ulingane na kimo chake.

Huduma ya kwanza baada ya kuanguka

Kosa la kawaida ni majirani kukimbilia kumnyanyua. Kwanza aachwe alipo, isipokuwa kama pana moto au hatari nyingine. Aamkiwe na aulizwe: akijibu sawasawa, anapumua na ana fahamu. Pia aulizwe ameumia wapi, na jibu la "sijambo" lisikubaliwe haraka, kwa kuwa wazee wengi huficha maumivu wasiwasumbue watoto wao.

Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, kisha apige magoti na kushika kigoda imara. Aweke mguu mmoja mbele, ajiinue na kukaa. Msaidizi amwongoze tu, asimvute mikono.

Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na kidole gumba kikielekea nje, huenda nyonga imevunjika. Hapo asisimamishwe, asichuliwe wala mguu usivutwe. Mguu ulioumia ufungwe pamoja na ule mzima kwa kanga, kukiwa na nguo laini katikati, naye afunikwe blanketi. Asipewe chakula, maana anaweza kuhitaji upasuaji. Abebwe kwa machela, au kwa mlango uliong'olewa, hadi kwenye gari. Bodaboda haifai kabisa.

Kumfungia nyumbani kwa wiki kadhaa huku akichuliwa kwa dawa ndiko kunakoua. Kulala muda mrefu huleta nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda mishipani. Hospitali za eneo hili ni pamoja na Mount Meru, Arusha Lutheran Medical Centre na Nkoaranga. Kwa upasuaji mgumu ipo KCMC mjini Moshi, takriban kilomita 80 kutoka Arusha.

Kuanguka kunaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa. Mdomo uliopinda, mkono uliolegea au maneno yasiyoeleweka ni dalili za kiharusi, na huhitaji hospitali saa hiyo hiyo.

Moto na gesi ya mkaa

Mwezi Juni na Julai baridi ya Meru huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa huo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito ndizo dalili zake. Mgonjwa atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali; maziwa hayaondoi sumu hiyo. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, sehemu iliyoungua kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukifunikwa asipate baridi. Pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, mafuta na mayai visipakwe. Moto wa nyumba hutolewa taarifa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Kufuatilia

Mzee aliyegonga kichwa aangaliwe kwa wiki kadhaa, hasa akitumia dawa za kuzuia damu isigande, kwa sababu damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Kuchanganyikiwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida au mguu kuanza kuburuta, hata baada ya wiki tatu, ni sababu ya kurudi hospitali.