Malisho, Jando na Njia ya Shule: Utoto wa Shida katika Historia ya Riadha ya Afrika Mashariki

Nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kutoka Nandi hadi Elgeyo-Marakwet, zina vijiji vingi vilivyo mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa vizazi vingi mtoto wa kiume wa huko alikabidhiwa mbuzi na ndama angali mdogo. Alishinda malishoni, akifukuzana na mnyama aliyepotea na kuvumilia mvua ya baridi, na jioni mzee alihesabu mifugo kabla ya kuuliza mtoto ameshindaje. Kazi hiyo ilimzoesha mwendo mrefu, na zaidi ya hapo ilimzoesha kubeba dhamana asiyoweza kumwachia mtu mwingine.

Malezi hayo yalipimwa hadharani katika jando. Miongoni mwa Wakalenjin, wenyeji wa nyanda hizo, kijana alitahiriwa mbele ya wazee, naye hakutakiwa kukunja uso wala kupepesa macho. Aliyetikisika alibaki na jina la mwoga, na aibu ikawagusa jamaa zake wote. Baada ya kisu ulifuata muda wa kukaa kando na watu, akifundishwa mila na kufunzwa kunyamazia maumivu. Waandishi wengi wa riadha huanzia hapa wanapoeleza ushindi wa Wakenya, na si bure: anayekimbia mbio ndefu hushindana kwanza na maumivu yake mwenyewe. Lakini jando lilikuwepo muda mrefu kabla ya medali ya kwanza, na jamii nyingi za Afrika zilikuwa na jando kali bila kutoa bingwa hata mmoja wa mbio. Ugumu ulikuwepo, mahali pa kuupeleka hapakuwepo.

Mahali hapo palikuja na ukoloni. Wanandi, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, waliwapinga Waingereza kwa zaidi ya miaka 10, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Baadaye watawala, waliotaka kukomesha uvamizi wa kuteka ng'ombe, waliona michezo ni njia ya kuwashughulisha vijana ambao ujasiri wao ulikuwa ukipimwa kwa uvamizi huo. Mashindano yakaanzishwa shuleni, wilayani, katika polisi na jeshini, na mwaka 1951 koloni likapata chama chake cha riadha. Mwaka 1954 Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walipelekwa London kukimbia katika uwanja wa White City. Chepkwony aliingia maili 6 akiwa pekupeku, akawasumbua wenyeji kwa kubadilisha kasi mara kwa mara, kisha akaumia na kutoka. Maiyoro, kijana wa Kisii, aliongoza kwa mbali katika maili 3 na kumaliza wa tatu. Watazamaji waliona ni watu wasiojua kupanga mbio. Miaka 14 baadaye mtindo huohuo wa kumchosha mpinzani mapema ulileta dhahabu.

Aliyeileta dhahabu hiyo kwa namna isiyosahaulika ni Kipchoge Keino. Alizaliwa mwaka 1940 huko Nandi, akawapoteza wazazi wake angali mtoto, akalelewa na shangazi. Alichunga mbuzi na kukimbia kwenda shule. Jeshi la polisi ndilo lililompa mshahara, chakula cha uhakika na muda wa mazoezi. Katika chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1965 alivunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000.

Alipofika Mexico City mwaka 1968 alikuwa akiugua mfuko wa nyongo. Katika mita 10,000 maumivu yalimwangusha zikiwa zimebaki raundi chache, na dhahabu ikaenda kwa Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki. Madaktari walimtaka Keino apumzike. Akakimbia mita 5,000 na kupata fedha. Katika fainali ya mita 1,500 alikutana na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu ambaye hakuwa ameshindwa katika umbali huo kwa zaidi ya miaka 3. Ben Jipcho alianza kwa kasi kubwa ili kumfungulia njia mwenzake; Keino akaichukua kasi hiyo na hakuilegeza, akamaliza kwa dakika 3 sekunde 34.91, mita 20 hivi mbele ya Ryun. Kimo cha jiji, mita 2,240, kilimsaidia mtu wa milimani. Lakini kimo hakielezi kwa nini mgonjwa aliyeambiwa alale aliingia uwanjani. Yatima aliyezoea kwamba hakuna mtu wa kumfanyia kazi yake alikuwa na jibu lake tangu malishoni.

Upande wa Tanzania, Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alipita njia inayofanana: mbio za kwenda shule, kisha jeshi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.16.

Njia ya shule ilikuja kuchunguzwa na wasomi. Utafiti ulioongozwa na Vincent Onywera na kuchapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha wanariadha Wakenya na wananchi wengine. Kati ya wanariadha wa kimataifa, asilimia 81 walikuwa wakikimbia kwenda shule. Kati ya wasio wanariadha ilikuwa asilimia 22 tu. Wanariadha wengi pia walitaja kipato kuwa sababu ya kukimbia. Yaani shida iliujenga mwili, na hamu ya kutoka kwenye shida ikaupa mwili huo lengo.

Hata hivyo historia ya wasichana hairuhusu hesabu hiyo iishie hapo. Msichana wa nyanda hizo alichota maji, akabeba kuni, akalea wadogo zake, kisha akakimbia kwenda shule kama kaka yake, pale aliporuhusiwa kusoma. Kama taabu peke yake ingezaa mabingwa, dada wangetangulia. Kumbe medali ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke Mkenya, fedha ya Pauline Konga, ilipatikana mwaka 1996, na dhahabu ya kwanza, ya Pamela Jelimo, mwaka 2008, miaka 40 baada ya Temu. Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi, aliyekulia katika familia kubwa ya wake wengi na kukimbia kilomita 10 hivi kwenda shule, hakuungwa mkono na baba yake, na viongozi wa riadha walimwona mdogo mno wa umbo. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Mwaka 1998 akaweka rekodi ya dunia mjini Rotterdam. Wasichana hawakukosa ugumu wa maisha hata kidogo. Walikosa wa kuwafungulia mlango.

Shida pia huacha majeraha. Henry Rono, Mnandi aliyeumia mguu vibaya utotoni na kuchelewa kutembea, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Hakupata kushiriki Olimpiki, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya 1976 na 1980. Ulevi ukamwandama, fedha zikaisha, akaishi miaka mingi ya dhiki nchini Marekani. Ukaidi uliomwezesha kushinda uwanjani haukumkinga nje ya uwanja, na wanaousifu ufukara kuwa shule ya mabingwa wangepaswa kulikumbuka jina lake.

Washindi wenyewe hawakuusifu. Bayi alianzisha shule Kimara na Kibaha. Loroupe alianzisha taasisi ya amani kwa ajili ya jamii zinazopigania mifugo, na mwaka 2016 aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Keino na mkewe Phyllis walifungua nyumba ya yatima Eldoret, wakawapa watoto kitanda, chakula na darasa, mambo ambayo yeye mwenyewe aliyapata kwa tabu. Katika ufunguzi wa michezo ya Rio de Janeiro mwaka huohuo wa 2016, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtunuku Keino tuzo yake mpya ya Olympic Laurel, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea, kwa kazi aliyoifanya baada ya kuacha mbio.