Reims-Gueux

Reims-Gueux ni njia ya zamani ya mbio za magari iliyokuwa magharibi ya mji wa Reims, katika eneo la Champagne, Ufaransa. Ilianza mwaka 1926 kwa kuunganisha barabara za kawaida katika umbo la pembetatu, ikipita katikati ya kijiji cha Gueux. Mapema miaka ya 1950 ilibadilishwa ili ikikwepe kijiji, na urefu wake ukafikia takriban kilomita 8.3.

Sifa yake ilikuwa kasi. Barabara zilinyooka kati ya mashamba, na kona kali ya Thillois iliwalazimu madereva kukanyaga breki kwa nguvu zote. Hapo mtengenezaji wa gari alipimwa sawa na dereva. Katika Saa 12 za Reims, mashindano ya magari ya spoti, mbio zilianza saa sita usiku na magari yakakimbia gizani hadi kunakucha. Mwaka 1953 Stirling Moss na Peter Whitehead walishinda kwa Jaguar. Mashindano ya mwisho ya Saa 12, mwaka 1967, yalichukuliwa na Guy Ligier na Jo Schlesser wakiendesha Ford.

Kasi hiyo ilidai uhai pia: dereva Luigi Musso alipata ajali hapa mwaka 1958 katika Grand Prix ya Ufaransa, akafariki.

Njia ilifungwa mwaka 1972. Majukwaa ya watazamaji na vibanda vya mafundi bado vimesimama kando ya barabara, na watu wa kujitolea wamevipaka rangi upya, pamoja na matangazo ya zamani ukutani. Ni kazi ya kuheshimiwa.