Hesabu ya Jua Iliyoanzia Meru

Umeme wa jua wa majumbani nchini Kenya haukutoka Nairobi kwenda mashambani. Ulianzia Meru, mikononi mwa walimu, wakulima wa kahawa na mafundi wa redio. Kazi ya kufunga umeme huo nimeifanya tangu ujana wangu katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na walionifundisha walijifunza kwa kizazi kile cha kwanza.

Mwaka 1984, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi ilihitaji taa za kusomea usiku. Jenereta ndiyo iliyofikiriwa kwanza. Lakini palikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, naye alifahamiana na mhandisi Mmarekani, Harold Burris. Wakafunga paneli. Walimu wakaona taa zisizohitaji mafuta, nao wakataka za nyumbani kwao. Shule nyingine zikafuata, na mwaka 1985 wawili hao wakawafundisha mafundi wenyeji. Kwangu mimi, historia yenyewe inaanzia katika mafunzo hayo. Paneli inanunulika popote, lakini fundi wa kijijini sharti afundishwe. Baadaye Hankins aliandika kitabu cha mafundi kuhusu umeme wa jua barani Afrika, na katika miaka ya 1990 mafunzo ya namna hii yalikuwa yakitolewa pia Karagwe, Tanzania.

Kwa nini Meru? Kahawa ilileta fedha, hasa bei ilipopanda mwaka 1986, ilhali nyaya za umeme zilifuata miji na viwanda. Nyumba zetu zimetawanyika, kila moja katikati ya shamba lake. Tena watu walikwisha kununua televisheni ndogo za volti 12, zisizo na rangi, zilizotumia betri ya gari. Betri ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli au kupakiwa kwenye matatu, ikapelekwa mjini kuchajiwa. Kwa hiyo nusu ya mfumo ilikuwa sebuleni tayari. Paneli ilikuja kumwondolea mtu safari ile, na ndiyo maana ilinunuliwa kwa fedha taslimu, bila kungoja serikali wala mfadhili.

Kufikia miaka ya 1990, paneli ndogo za wati 10 hadi 14 ziliuzwa hata katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kando ya misumari na mabati. Vitu vilienea kuliko maarifa. Chukua paneli ya wati 12. Jua la kutegemewa tuliweke saa 5 kwa siku, hivyo inaingiza wati-saa 60. Televisheni ya wati 15 ikiwaka saa 3 inakula 45, na taa ya wati 8 ikiwaka saa 2 inakula 16. Hiyo ni 61, na bado hatujahesabu kinachopotea ndani ya betri na kwenye nyaya. Julai, mawingu ya kipupwe yakitanda siku nzima, upungufu unazidi. Betri ya gari nayo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, salfati inaganda kwenye mabamba yake ya risasi, na betri inakufa mapema. Kidhibiti cha chaji kingeizuia isishuke hivyo, lakini wengi walikiacha ili kupunguza gharama. Betri zilikufa, na lawama ikaangukia jua!

Upepo, tofauti na jua, haukuingia majumbani kwa wingi. Vinu vya Kijito vilivyotengenezwa Thika vilikuwa vya kuvuta maji. Kwa umeme, kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane tu, na katika mabonde yetu mnara sharti upite vilele vya mikaratusi. Upepo wa kweli uko Marsabit, ambako mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana imelisha gridi ya taifa tangu 2018.

Tangu 2012, M-KOPA na wauzaji wengine wameleta seti zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Nyumba nyingi zimeachana na koroboi, na hilo ni jema kabisa. Ila seti huja imefungwa, na mwenye nyumba hupewa taa asipewe hesabu. Siku akitaka kuongeza televisheni au friji, yuko pale pale alipokuwa mteja wa miaka ya 1990.

Walimu wa vyuo vya ufundi, nawasihi mwifundishe hesabu hii kabla ya kufundisha kukaza skrubu. Nawe msomaji, kabla hujalipa shilingi ya kwanza, andika kila kifaa, wati zake na saa zake, ujumlishe, kisha umuulize fundi paneli yake itatoa wati-saa ngapi mwezi wa Julai.