Sukari Baada ya Upasuaji wa Kongosho: Historia Inatufunza Nini?

Leo tuzungumze juu ya kongosho, tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula.

Mwaka wa 1889, mjini Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa, madaktari Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho lote. Mbwa huyo akaanza kukojoa mara kwa mara, na mkojo wake ukawa na sukari nyingi. Ndipo ikajulikana kwamba kongosho likiondoka, ugonjwa wa sukari huingia.

Mwaka wa 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Januari 1922, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa kwayo. Mwaka wa 1923 ikatambuliwa homoni ya pili ya kongosho, glukagoni, ambayo huipandisha sukari inaposhuka.

Somo letu liko hapo. Aliyetolewa kongosho lote amekosa homoni zote mbili. Atahitaji insulini kila siku maisha yake yote. Na sukari yake ikishuka, mwili hauwezi kuipandisha upesi kama zamani. Kwa hiyo mlezi aogope sukari ya chini sawasawa na ya juu.

Upasuaji hufanywa katika hospitali kubwa, lakini utunzaji ni wako nyumbani, hapo Wundanyi. Mpime sukari kama ulivyoelekezwa. Usimdunge insulini ya chakula huku kimanga kingali jikoni. Akiwa ameandikiwa vidonge vya kusaga chakula, avimeze pamoja na chakula.

Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, au kipimo kiko chini ya 4, mpe mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji. Mpime tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Akitapika au akishindwa kula, usisimamishe insulini kwa uamuzi wako. Muulize daktari siku hiyo hiyo.

Mama, mfundishe hata mtoto mkubwa wa nyumbani dalili hizi, maana huenda siku hiyo wewe uko shambani.