Marekani: taa ya buluu si ya kila mtu

Usiku, dereva akiangalia nyuma kwenye kioo, haoni sura wala uniforme ya anayemfuata. Anaona taa tu. Ndiyo sababu majimbo ya Marekani yameweka sheria za kuamua nani ana haki ya kuiwasha.

Tangu mwaka 1791, badiliko la 10 la Katiba linayaachia majimbo madaraka ambayo serikali kuu haikupewa. Kwa hiyo mambo mengi ya barabarani yalibaki kwa majimbo. Mwaka 1926 ulitolewa mfano wa sheria za magari ili yafanane, lakini haukulazimisha jimbo lolote. Mwaka 1948 ikatolewa Beacon Ray, taa ya kuzunguka juu ya gari. Taa za namna hiyo zikaenea, na kila jimbo likagawa rangi kwa namna yake.

Huko New York, mzima-moto wa kujitolea anaruhusiwa kuweka taa ya buluu kwenye gari lake mwenyewe, na mhudumu wa ambulansi wa kujitolea taa ya kijani. Ni ombi la kupishwa tu. Haimpi haki ya kupita taa nyekundu za barabarani. Huko Florida, buluu ni ya polisi, na mzima-moto wa kujitolea hutumia nyekundu.

Basi, mtu wa New York akiiwasha buluu yake Florida, raia watamsimamia wakidhani ni polisi. Taa ni ileile. Kilichobadilika ni mpaka wa jimbo.